Kesi ya kihamba chetu: mama hakuulizwa na mtu mpaka tulipofika Mahakama ya Rufani

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi humu ni msomaji tu, mnavyoparurana kwenye siasa nasoma napita zangu. Ila juzi nimeona mtu kaandika kwamba Katiba ni ya wanasiasa, sisi wa kawaida haituhusu. Nikasema hapana, leo naandika. Nitawaambia kama ilivyokuwa, nilichobadilisha ni majina tu.

Nauza mitumba Kiboriloni, hapa Moshi, lakini kwetu ni Kibosho, juu mlimani. Kwetu maana yake kihambani, lile eneo la familia lenye nyumba, migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Mchagga mchukulie vyote, kihamba usikiguse.

Baba yetu alikuwa kitinda mimba. Kwa mila zetu kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo kihamba cha babu kikawa chake. Alipofariki tukamzika pale pale nyuma ya nyumba. Mama akabaki na ng'ombe wake na migomba yake.

Kaka yangu Aloyce yuko Dar. Anapanda nyumbani Krismasi kama Wachagga wote wanaojiheshimu, anakula nyama, anashuka.

Sasa akatokea Evarist, mtoto wa baba mkubwa. Akaenda Baraza la Ardhi akadai babu alimwazima tu baba yetu lile eneo, mwenyewe hasa alikuwa baba yake yeye. Akafungua kesi.

Unajua alimshtaki nani? Kaka Aloyce. Mtu ambaye hata ng'ombe wa mama hamjui kwa jina.

Na wakuu, hakuna aliyeshangaa. Si Evarist, si Aloyce, si mimi, si wazee wa ukoo. Kwetu mambo ya kihamba ni ya wanaume. Mama ni mke tu, alikuja kuolewa. Kwa hiyo kesi inaendelea mjini, yeye yuko bondeni anakata majani ya ng'ombe. Jioni anampigia kaka kuuliza imekuwaje, anajibiwa "inaenda vizuri."

Ilienda vizuri mpaka kaka akashindwa. Akakata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa tena. Akaandika kwenye group la familia kwamba tumshukuru Mungu kwa yote. Ningekuwa karibu naye siku ile sijui kama mngekuwa mnasoma huu uzi.

Baadaye akaja dalali wa mahakama na amri ya kuhama. Mama alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamuuliza kitu kimoja.

"Baba, mimi nilishtakiwa lini?"

Dalali akasema yeye anatekeleza tu, akabandika karatasi mlangoni, akaondoka.

Evarist naye akatuma ujumbe kwamba mama hafukuzwi, si ana shamba la mahindi Kahe, akajenge kule. Jamani, mama yangu anavaa sweta mwaka mzima. Leo aende Kahe kwenye lile joto na mbu, na kaburi la mumewe alibebe kwenye kiroba? Nililia pale kwenye meza yangu ya mitumba hadi wateja wakaanza kuniuliza nimefiwa na nani.

Kesho yake nikaenda mjini kwa wakili mmoja wa msaada wa kisheria, dada wa makamo. Nikamwaga story yote. Alikuwa anasikiliza kama mtu aliyesikia kesi za vihamba hadi zikamchosha. Nilipofika kwenye lile swali la mama, akaweka kalamu chini. Akaniambia nirudie.

Kumbe bwana, mtu ambaye hakuwa kwenye kesi hawezi kukata rufaa. Lakini kama uamuzi umemgusa, anaweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Rufani, ambayo ndiyo ya juu kabisa nchini, akaomba wafanye revision, yaani wachunguze kilichofanyika huko chini. Na hoja ilikuwa kwenye Katiba, ibara ya 13: haki ya mtu haiamuliwi bila yeye kusikilizwa.

Tukaomba kwanza utekelezaji usimamishwe, tukakubaliwa. Baada ya hapo ni kusubiri.

Kusubiri ndiko kulikomzeesha mama. Msimu wa kupogoa kahawa ukafika, hakushika mkasi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema hawezi kupogoa kahawa ya mtu mwingine.

Mimi nilijua tutaenda Dodoma au Dar. Kumbe majaji wa Rufani wanasafiri, wanakuja kukaa vikao mikoani, na sisi tulisikilizwa hapa hapa Moshi. Wanakaa watatu. Nilitegemea mashahidi na watu kulia kama kwenye tamthilia, wapi! Hakuna shahidi. Majaji wameshasoma kila kitu, wewe unajibu unachoulizwa.

Wakili wa Evarist akaanza na babu, akaja kwenye ukoo, akawa anaelekea kwenye mila. Jaji wa katikati akamsimamisha kwa upole tu.

"Wakili, shahidi wenu mwenyewe alisema kwenye nyumba hiyo anaishi nani?"

Akajibu anaishi mjane wa marehemu.

"Huyo mjane alisikilizwa wapi?"

Wakili akafungua makaratasi mbele, akafungua nyuma. Akasema aliwakilishwa na mwanawe. Jaji mwingine akataka aonyeshwe ni wapi mama alimtuma huyo mwanawe. Hapo wakili, namheshimu kwa hili, akafunga faili akakiri kwamba hakuna mahali.

Mama alikuwa pembeni yangu na kitenge chake cha kanisani. Alinibana mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Uamuzi ulisomwa siku nyingine na msajili. Yote yamefutwa, kuanzia Baraza hadi Mahakama Kuu, na amri ya kuhama imekufa. Anayetaka kudai aanze upya, na mama awemo kwenye kesi.

Muwe makini hapa. Mahakama haikusema kihamba ni chetu. Ilisema hakuna wa kumwondoa mama kabla hajasikilizwa. Lakini wakuu, nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu siku ya dalali. Mama akasema "Aika Ruwa", ndiyo asante Mungu kwa Kichagga. Halafu akaniuliza kama tunaweza kupitia dukani, ule mkasi wa kahawa umeliwa na kutu.

Tukawa tunasubiri Evarist afungue upya. Hakufungua. Jumapili moja baada ya misa akaja na jani la isale mkononi. Kwa wasiojua, isale ni mmea tunaopanda mipakani, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukiletewa hukatai, hata kama mlitaka kuuana.

Akamwamkia mama shikamoo, akaanza kueleza kwamba ameshaongea na Aloyce kwa simu na wameelewana. Yaani bado!

Mama akapokea jani kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini siku ukikitaka tena hiki kihamba, unishtaki mimi."

Evarist akainamisha kichwa, akasema sawa mama mdogo. Tukampa mtori wa ndizi, akala.

Nilichojifunza: kama kuna kesi ya eneo kwenu, kabla hamjahangaika na historia ya babu, angalieni nani analala pale kila siku na kama jina lake limo. Asipoulizwa yeye, mnaweza kukimbia miaka na mkarudishwa mwanzo. Na haki ya kusikilizwa ni ya mama yako pia, si ya kaka yako wa Dar peke yake.

Wanasheria mliomo humu nirekebisheni nilipokosea, na wenye visa vya vihamba mwageni hapa tusome. Nitajibu taratibu, niko Kibosho leo, na mama ananiita nikamkusanyie matawi ya kahawa anayokata.