Mwezi wa Kufundisha Kidole Kimoja

Nilianguka mtihani wangu wa kwanza wa kupiga taipu kwa sababu ya katoni la sabuni. Chuo chetu pale Nyeri mjini kilikuwa na mashine sita na wasichana zaidi ya ishirini, kwa hivyo tulichora vibonye vya taipureta kwenye makatoni na kufanyia mazoezi kitandani. Nililigonga langu kila siku mpaka nikajiona nimefika. Siku ya mtihani nilimaliza wa pili, kichwa juu. Lakini katoni halina ubishi, ukiligusa tu limekubali, na ile mashine ya chuma ilitaka kupigwa. Herufi a, ambayo ni kazi ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, haikuonekana karibu ukurasa mzima.

"Hii barua imeliwa na panya," mwalimu alisema. Akanipa nafasi moja ya kurudia baada ya likizo ya mwezi mmoja. Nikianguka tena, kiti changu kingepewa msichana mwingine. Shangazi yangu wa Kangari alikuwa ameshanitafutia kikapu cha kuchumia majani chai.

Nilifika nyumbani Endarasha nimenuna. Mama alinikuta jikoni nikilia, akauliza ni nini kimeharibika.

"Ni vidole," nilimjibu kwa hasira. "Vidole vyangu havina nguvu."

"Ati ni vidole tu?" Nilimwona akishusha pumzi. "Vidole mimi naelewa, mami." Mama zetu huwaita binti zao hivyo, mama kwa mama.

Alinivutia gunia la mahindi makavu. Nipukuchue, lakini kwa kidole kidogo na jirani yake peke yavyo, kidole gumba kikae kando. Jaribu uone. Siku ya kwanza nilimaliza mahindi manne, ngozi ikachubuka, nikamwambia mama maneno ambayo sitayaandika hapa. Alinipaka mafuta ya kondoo. Asubuhi akanivutia gunia lilelile.

Mwezi huo nilikuwa mtu mbaya. Asubuhi nilipukuchua, mchana niligonga katoni langu, na aliyenisemesha nilimfokea. Maua yetu ya pareto yalikuwa yamechanua, na mistari yangu ya kuchuma mama aliichukua juu yake bila kutaja. Alipotoka mtoni aliteremsha debe la maji pale mlangoni polepole kabisa, lisije likalia. Majirani walipokuja aliwapokea nje, katika baridi ile ya kwetu, nao wakamcheka kwamba amekuwa askari wa binti yake. Mimi niliona ni haki yangu. Siku hizi nikilikumbuka debe lile naona aibu, na ninampenda mama yangu upya.

Kidole kiliota sugu. Chuo kilipofunguliwa nilikaa kwenye mashine, nikapiga bila kuinua macho, sikusikia hata wasichana wakipita korido. Mwalimu aligeuza karatasi yangu akapapasa upande wa nyuma wa karatasi. A zangu zilikuwa karibu kutoboa.

"Umepita," alisema. "Sasa punguza kidogo, usituvunjie mashine."

Jumamosi hiyo nilimkuta mama shambani, katikati ya pareto, kikapu kimefungwa kiunoni. Nilipomwambia nimepita, aliketi palepale kwenye udongo, akacheka huku akijifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Akanishika mkono asiuachilie. Kisha akaangalia huku na huku, kama mtu mwenye jambo la aibu.

"Sasa mami, kwa vile umemaliza, siwezi kukuharibia," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo kitu umekuwa ukigonga, ni ya kufanya nini?"

Hakuwa ameona taipureta maisha yake yote. Alijua tu kwamba nataka kitu kwa moyo wangu wote, na kwamba kitu hicho kinahitaji vidole na kimya. Swali lake alikuwa amelibeba mwezi mzima, akiogopa kunikatiza. Nami sikuwa nimewahi kufikiria kumweleza.

Niliketi kwenye udongo kando yake, nikaanza. "Kuna mashine, mama," nilisema. "Inaandika."