Grisi Kidogo Kwenye Masta ya Breki

Pikipiki yangu ilijifunga breki yenyewe getini kwa wakwe, mikono yangu yote miwili ikiwa hewani nasalimia.

Sio utani. Nataka kuisogeza ndani, wapi! Gurudumu la mbele limegoma.

"Huyu ana mkosi," shangazi mmoja akasema dirishani, tena kwa sauti ya kutaka nisikie.

Ilikuwa siku ya kwanza mama wa mchumba wangu kuniona. Na alishamwambia bintiye: "Nitamtazama mara moja tu. Nikimkubali, alete wazee wake. Nikimkataa, usinililie."

Sasa sikia nilivyojiponza.

Siku tatu kabla, breki ya mbele ilikuwa inavuja pale kwenye mkono. Nikanunua mipira mipya ya masta, ile pampu ndogo ya breki kwenye usukani, nikaamua kuifunga mwenyewe, sebuleni, juu ya meza ya chakula.

Kwangu watu hawakosekani. Kinyozi wa jirani alikuja kuazima chaja, akabaki. Dada yangu akaja kumwona kinyozi, akabaki pia. (Hayo ni mengine, tuyaache.)

Nikatoa klipu. Pistoni ikaruka na springi yake, ikatua kwenye chai ya dada.

"Hii ndiyo sukari ya kwako?" akauliza.

Kijana muuzaji wa dukani alikuwa ameniambia wazi: mipira ilainishe kwa mafuta ya breki tu, kingine usiguse. Lakini pistoni ilikataa kuingia, na kinyozi ana mdomo.

"Paka grisi bwana, iteleze. Mashine zangu zote napaka."

"Mashine zako zinanyoa," dada akamjibu. "Hii inabeba roho ya mtu."

Nikapaka. Iliteleza, jamani! Nikajaza mafuta, nikatoa hewa, mkono ukawa mgumu safi. Siku mbili natembea kifua mbele.

Nilichokuwa sijui: grisi huivimbisha ile mipira polepole. Ikivimba inaziba tundu la kurudishia mafuta, na breki ikishabana, haiachii.

Basi nipo getini, watu wanajaa, mchumba ananitazama kama mtu anayetaka kunikana. Badala ya kunyamaza, nikafungua domo.

"Sio mimi, mama. Ni lile duka la spea la kona ya sokoni. Wanauza mipira feki!"

Mchumba akanifinya. Nikadhani ananipa moyo, nikaongeza:

"Matapeli kabisa!"

Mama akageuka. Akaingia ndani, akatoka na spana namba nane, mikono ya gauni kaikunja. Akainama, akalegeza nati ya kutolea hewa kidogo tu. Mafuta yakachuruzika.

Gurudumu likazunguka.

Shangazi wa dirishani akarudisha pazia.

Kisha akafungua masta palepale, akachomoa mpira. Umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Akapitisha kidole, akanusa.

"Grisi. Nani kapaka?"

Kinyozi hakuwepo. Ningeweza kumtaja.

"Mimi, mama."

"Kwani pale dukani kwangu hukuambiwa?"

Dukani kwangu!

Mchumba alishaniambia mama yake ana duka. Mimi kichwani nikapanga sukari na sabuni, wala sikuuliza. Kumbe mama anauza spea na kufungua injini tangu mimi nanyonya.

"Jumamosi uje," akasema. "Mipira nitakupa. Utaifunga mbele yangu."

Jumamosi nilifunga, mashangazi wanne wamenizunguka.

"Mbona unatoa jasho, kijana? Kuna jua humu ndani?"

Nilipomaliza, mama akaubonyeza mkono wa breki mara mbili. Akavaa helmeti, akapanda, akapotea na pikipiki yangu.

Tukasubiri. Mchumba anatafuna kucha.

Mara ikasikika inarudi, kasi, inanijia mimi! Akabana breki. Tairi likasimama shibiri moja kutoka vidole vyangu vya miguu.

Sikusogea. Sio ushujaa, miguu iligoma.

Akanirushia ufunguo.

"Waambie wazee wako waje."

Wewe unayesoma hapa, ukiharibu kitu, sema ni wewe, tena mapema, kabla hujamtafuta wa kumbebesha. Mimi nilichelewa dakika tano tu, na mpaka leo kwenye kila shughuli ya familia, mashangazi hawaniiti mkwe.

Wananiita Mteja.