Sauti ya Verna Kwenye Wimbo wa Chura wa Umeme

Marlys Niemela alikuwa na ulimi mkali, na watoto wa mji wa Eveleth walilijua hilo kabla hawajajua kusoma. Aliendesha basi la shule, theluji inyeshe isinyeshe, na mtoto aliyethubutu kuinuka kitini kabla basi halijasimama alijuta. Mume alikuwa naye zamani, akamtimua kwa uvivu. Akabaki na mama yake, Verna, mpaka Verna alipoanza kusahau jiko likiwaka na mlango ukiwa wazi kwenye baridi ile, ikabidi apelekwe kwenye nyumba ya wazee.

Kila jioni Verna alimpigia binti yake. Akikuta bado yuko barabarani, aliacha ujumbe kwenye mashine ya simu, maneno yale yale: "Marlys, njoo unichukue." Na Marlys alikwenda. Alimshika mkono mpaka usingizi umchukue, kisha akarudi nyumbani peke yake, maana kumchukua hakuweza. Kila alipotoka mlangoni pale alijiona msaliti. Mama alipokufa, Marlys aliiacha mashine ile mezani na hakufuta hata neno.

Mdogo wake, Troy, siku zote hizo alikuwa jijini Minneapolis akibonyeza vinanda vya umeme. Bendi yake iliitwa Chura wa Umeme: watu watatu, wimbo mmoja nusu saa, mlio unazunguka kichwani na taa za rangi zinatambaa ukutani mpaka mtu asijue dari iko wapi. Marlys alisema ni kama mtambo wa mgodini uliotumbukia kisimani. Hata hivyo bendi ilipopata ziara yake ya kwanza ikanunua basi kuukuu la shule, na hakuna mmoja wao mwenye leseni ya kuliendesha, Troy alimwomba dada yake. Shule zilikuwa zimefungwa. Akakubali, tena kwa furaha, maana alidhani angalau wataongea njiani.

Siku moja kabla ya safari ya kwenda Duluth, kwenye onyesho la kwanza, Troy alikuja Eveleth, wakaingia sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke wa moto. Sasa watu wa kule wana adabu yao: ndani ya sauna hakuna kugombana. Mtu anakaa humo kama yuko kanisani. Troy alilijua hilo vizuri sana. Alimwaga maji juu ya mawe ya moto, akangoja mvuke utande, ndipo akafungua mdomo.

"Dada, wimbo wetu mpya umetoka wiki iliyopita. Watu wameupenda, huwezi kuamini."

"Hongera."

"Ndani kuna sauti ya mama."

Marlys aligeuka polepole. "Sauti gani?"

"Ile ya kwenye mashine yako. Niliinasa kwa simu siku ya mazishi, ulipokuwa jikoni na wageni."

Marlys aliuma meno. Aliinuka, akajifunga taulo vizuri, akatoka, akaurudisha mlango taratibu bila kuubamiza. Alipofika nje kwenye ngazi ndipo alipopasuka.

"Toka nje! Toka nje hapa, mwizi mkubwa we!"

Troy hakutoka. Alijibanza mle ndani mpaka mawe yakapoa, na dada yake akamngoja pale pale kwenye ngazi, mbu wakimla miguu, hasira haipungui. Hatimaye mlango ukafunguka, kijana mwekundu kama nyanya.

"Ni mama yangu pia," alisema.

"Mama yako? Unajua alikuwa anakupigia? Ulibadilisha namba bila kumwambia mtu. Anaambiwa namba haipo, ananigeukia mimi, 'Kwani Troy kahamia wapi?' Nimjibu nini?"

"Sikujua, dada."

"Ungejuaje, na hukuja!"

"Nilitaka tu kumkumbuka. Sina sauti yake nyingine."

"Basi mkumbuke kwa mdomo wako. Pale alikuwa ananiita mimi, Troy. Mimi! Si kitu cha watu kuchezea. Kesho nikiisikia, basi litabaki Duluth na ninyi mtabaki nalo."

"Naitoa. Haki ya Mungu naitoa."

Kesho yake waliteremka hadi Duluth bila kuzungumza. Ukumbi ulikuwa ghala la zamani karibu na ziwa, umejaa vijana mpaka milangoni, jua bado linapenya madirishani. Marlys alisimama kando ya jukwaa, mikono kifuani, akisubiri kudanganywa.

Hakudanganywa. Wimbo mpya ulipanda, ukapanda, ngoma ikashika kasi, na ulipofika mahali ambapo sauti ya Verna ilikaa, Troy alizima kila kitu. Pakawa kimya. Akamtazama dada yake kama mtoto aliyetimiza alichotumwa.

Kumbe wiki nzima vijana wale walikuwa wameusikiliza wimbo huo wakaushika wote. Kimya kile wao walikiona ni zamu yao. Wakajaza mapafu, wakapiga kelele kwa pamoja, wakicheka, wakirukaruka:

"Marlys, njoo unichukue!"

Walipoirudia mara ya pili, hasira ikamnyanyua Marlys. Alipanda jukwaani na viatu vyake vya kazi, akamnyang'anya mpiga ngoma kipaza sauti.

"Nilikuja!" alipaza sauti. "Kila siku nilikuja!"

Watu wakashangilia mpaka vioo vikatetemeka. Walidhani ni sehemu ya wimbo. Marlys aliwatazama wale wenye nyuso za furaha akaona hawa hawana kosa, hawajui lolote. Mwenye kosa alikuwa hatua chache kando yake, vidole vyake vikiwa hewani juu ya kinanda. Akamgeukia, machozi yanamtoka na hajali.

"Wewe ulikuwa wapi?"

Nayo ikawapendeza. Mpiga ngoma, asiyejua kitu, akaipokea kwa pigo zito, na ukumbi mzima ukaiimba, ngumi juu, tena na tena: "Ulikuwa wapi! Ulikuwa wapi!" Marlys alikirudisha kipaza sauti mahali pake, akashuka. Troy alibaki juu katikati ya taa zile, mamia ya watu wanamuuliza.