Siku Niliyopalilia Mboga za Mama Nekesa

Aibu hii bado haijanitoka. Mimi ni mtoto wa mjini, wa Kawangware, na mboga nazijua zikiwa tayari kwenye sahani. Lakini nilipoenda mtaa wa Gatwekera kujitambulisha kwa mama wa mchumba wangu Nekesa, nilijigamba kwamba nimekulia shambani.

"Basi nitolee magugu nikienda kanisa," mama huyo akasema, akinionyesha magunia ya udongo alimopanda mboga karibu na mlango.

Sukuma wiki niliiacha, kwa sababu hiyo naijua. Majani mengine yote madogo madogo niliyang'oa, nikampa mbuzi wa jirani. Mmea mmoja mrefu wenye maua meupe ulinipendeza, nikaumwagilia maji na kuufunga kwenye kijiti usianguke.

Mama alirudi na wamama wawili wa kanisa. Nikawaonyesha kazi yangu kwa madaha.

"Mboga yangu ya managu iko wapi?" akauliza polepole.

Nikamtazama mbuzi. Alikuwa bado anatafuna.

"Na hili gugu umelifunga kamba?"

Mmoja wa wale wamama akanikagua kuanzia viatu hadi kichwa. "Mama Nekesa, huyu ndiye mkwe?"

"Hapana," akajibu. "Huyu alikuwa anauliza njia."