Tulivyompeleka Mpwa Tanga

Mie nilizaliwa Rabai nikalelewa Changamwe na watu baki, maana wazazi wangu walikufa ningali mdogo. Ndugu sikuwa naye ila mmoja, naye si wa damu: Mdigo wa Likoni, niliyekuwa nikibeba naye magunia bandarini. Jumapili nikitoka kanisani navuka feri kwenda kula wali kwa mamake. Tulikuwa tumekwisha kupatana tupange chumba Changamwe tukae sote wawili. Hilo ndilo nililokuwa nikilingojea duniani, na sioni haya kulisema.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, yeye ndiye aliyeleta shauri la matembezi: tushuke pwani kwa basi hadi Tanga, tulale kwa mjombake, kisha turudi na gari moshi kwa kuzungukia Moshi na Voi. Rafiki yetu wa tatu, Mtaita mwenye domo lisilo kufuli, alikubali papo hapo kwa kuwa angeshukia Voi akamwone mamake. Tukanunua mashanta ya askari waliorudi vitani, tukajitwika migongoni, watu wa Likoni wakatucheka mpaka basi likaondoka.

Karibu na Msambweni basi lilizama topeni. Tukashushwa tulisukume. "Ala!" akasema Mtaita, "nauli hii tumelipa ya kupanda ama ya kusukuma?" Dereva akamtukana, abiria wakacheka. Vanga tulilala sakafuni kwa watu tusiowajua, wakatupa muhogo na samaki wala wasituulize tutaondoka lini. Wallahi nilifurahi. (Naam, Mkristo mzima naapa hivyo, ndivyo Mombasa ilivyotulea.) Mdigo wetu tu ndiye aliyekuwa kimya, nami nikadhani ni uchovu wa njia.

Mjombake alikuwa na shamba la minazi nje kidogo ya mji wa Tanga. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba, hata kwenda msikitini ilimbidi ashikwe mkono. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akamshika mpwawe kichwani kwa mikono miwili asimwachie. Tukapikiwa wali wa nazi na kuku, tukatembezwa mjini, tukaoga baharini. Siku moja baada ya chakula mzee akanigeukia mie, kwa kuwa nilikuwa mkubwa wetu sote.

"Mwanangu, niambie kweli. Huyu mwenzenu ni mtu wa kazi?"

Kwetu mgeni akiulizwa habari za mtoto wa nyumba, humsifu. Basi nikamsifu! Nikasema hanywi, hachezi kamari, mzigo wa watu wawili aubeba peke yake, na mnazi aukwea ukashangaa. Mtaita akaongeza chumvi yake. Mzee akawa anatikisa kichwa, na kila akitikisa, mie nazidi.

"Alhamdulillahi," akasema mzee. "Shamba limepata mwenyewe."

Nikacheka. Kwetu Rabai shamba hurithiwa na mtoto wa kiume, nami nikadhani anamtaja mwanawe. Nilitazama kulia na kushoto nimwone huyo mwana. Mtaita ndiye aliyenifinya paja, na hapo nikaona rafiki yangu ameinamisha uso sahanini. Kwa Wadigo wa siku zile mtu alikuwa wa mjombake. Mpwa ndiye mrithi, na mzee hakuwa akitaka ila kusikia kwa watu wanaomjua kama anafaa. Shahidi mkubwa nilikuwa mie.

Nikamfuata uani nikamshika shati. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu Likoni?"

"Tangu mama alipoletewa habari za mguu."

"Mbona hukuniambia, we mwanaharamu?"

Hakukasirika. "Ningekwambia, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Basi. Nami sikutaka kuja peke yangu."

Nikaliachia shati. Asubuhi yake alitusindikiza stesheni, akanibebea shanta langu, akanitafutia kiti dirishani. Gari lilipolia sikumpungia mkono. Nilimchukia, na nilikuwa nataka kushuka nikae naye, yote mawili kwa pamoja. Mtaita alijitahidi kunichekesha hadi Moshi, akachoka. Voi alishuka mbio, mamake yupo pale pale stesheni na kanga mbili mabegani, wakaondoka wakizungumza Kitaita. Gari likaendelea. Behewa lilijaa watu na kuku, wala hapakuwa na mtu wa kuniuliza naelekea wapi.

Sikulala Changamwe. Nilikwenda moja kwa moja Likoni kupeleka salamu, nikijua kuwa mama yule ndiye atakayelia nami. Nilimkuta akikuna nazi. Nilimweleza yote, akasikiliza na mbuzi ya nazi chini yake, mkono hausimami.

"Mwacheni akae," akasema. "Amefika kwao."

"Na sisi, mama?"

Akaniangalia vizuri, akaona machozi yangu, akasimamisha mkono.

"Kwani wewe, mwanangu," akaniuliza kwa upole, "mjombako yuko wapi?"

Nikamwambia sina.

Akasogea kando kunipa nafasi, akaniambia nikae nile.