Hoteli ya Sada Chini ya Boma

Sada alizaliwa Mbulu mjini, katika vibanda vya askari vilivyokuwa chini ya boma la Mjerumani. Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyeletwa kulinda boma hilo, na mama yake alitoka Kondoa. Waingereza walipoichukua nchi, bendera ilibadilishwa na baadhi ya askari wakarudi makwao. Baba yake Sada hakurudi. Aliomba kipande cha shamba, akalima mpaka akafa, akazikwa palepale mjini.

Mji wenyewe ulikuwa mdogo. Juu boma, kando yake mahakama, kisha duka la Mhindi, maduka mawili ya Waarabu, msikiti wa udongo, na safu moja ya nyumba ambamo ungeweza kuhesabu makabila kumi, yote yakigombana na kupatana kwa Kiswahili. Asubuhi ukungu ulishuka mzito, jirani akikohoa unamsikia lakini humwoni. Na pande zote palikuwa na vilima vya Wairaqw. Watu wa mjini walivitazama vilima hivyo kila siku na hawakuvipanda. Wairaqw ndio walioshuka siku ya mnada, wakauza ngozi na samli, wakanunua shuka, wakarudi kabla ya jua kuzama. Wao waliwaita wenzao wa chini "watu wa boma", hata wale ambao boma liliwatoza kodi kama mtu mwingine yeyote.

Sada aliolewa na Yahaya, fundi cherehani, wakamzaa Halfani. Mtoto alipoanza kwenda chuoni kusoma Kurani, Sada alifungua hoteli: chumba kimoja, mabenchi mawili, chai ya maziwa na maandazi. Wateja wake walikuwa makarani, madereva na wachuuzi. Wairaqw hawakukatazwa kuingia, hawakuingia tu. Walinunua chai yao, wakachuchumaa nje wakiegemea ukuta.

Maziwa aliletewa na mama mmoja wa Kiiraqw aitwaye Kornelia. Kwa miaka sita Kornelia alishuka kila asubuhi na vibuyu vyake, akavimimina, akaenda zake. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, basi.

Mwaka mmoja, kabla ya vita ya Hitila, masika yalikuja makali kupita kiasi. Barabara ya Babati ilikatika ng'ambo ya Dongobesh, na lori lililoleta bidhaa likazama kwenye tope hadi kwenye bodi. Wiki ya kwanza watu walifanya mzaha. Wiki ya pili sukari ikaisha, unga wa ngano ukaisha, mafuta ya taa yakaisha, na aliyekuwa na akiba akaifungia sandukuni. Sada akazima jiko.

Kornelia alipofika asubuhi ile alichungulia ndani, akashangaa.

"Mama Halfani, moto wapi?"

"Sukari hakuna, Mama Perpetua. Ngano hakuna. Nitapika nini?"

Kornelia akacheka, si kwa dharau. "Kwangu chakula iko. Twende."

Sada aliingia ndani kumuaga mume wake. Yahaya aliacha kukanyaga cherehani.

"Huko juu? Umezaliwa hapa, umezeekea hapa, hujawahi kupanda hata mara moja."

"Kwanza sijazeeka," Sada alisema. "Pili, ndiyo maana naenda."

Njia ilikuwa tope tupu. Alivua makubazi, akateleza mara mbili, na mara ya tatu Kornelia akampa fimbo yake. Sada hakuiona nyumba ya Kornelia mpaka alipoelekezwa kwa kidole, maana ilikuwa imechimbiwa ubavuni mwa kilima, na paa lake la udongo limeota majani kama kilima chenyewe. Waliingia wakiinama. Ndani kulikuwa na joto, na ndama wawili walilala karibu kabisa na moto.

Alfredi, mume wa Kornelia, alikuwa amesoma kidogo misheni, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Kando yake alikaa mgeni, Mbarbaig kutoka Dirma aliyeitwa Gidabuday, ambaye alipanda na punda wake kuleta chumvi ya ziwa lililo chini ya mlima Hanang. Sada aliogopa. Mjini walisimulia mengi kuhusu Wabarbaig na mikuki yao. Huyu alikuwa anamenya kiazi kitamu na kulalamikia mvua.

Gidabuday alimkagua mgeni wa kike, akauliza jambo kwa lugha yake. Alfredi akaona haya kutafsiri.

"Sema tu," Sada alimwambia.

"Anauliza kama ni kweli watu wa boma hunywa maji ya moto yenye majani kila siku. Anataka kujua wanaumwa nini."

Sada alicheka hadi akajifuta machozi kwa khanga. Hofu yote ilimtoka hapohapo.

Aliteremka na asali, unga wa mtama, viazi vitamu na chumvi, mzigo ukiwa juu ya punda wa Gidabuday. Kesho yake moto uliwaka tena hotelini. Chai ilikuwa ya asali, na badala ya maandazi palikuwa na viazi vya kuchemsha. Joakimu, karani wa mahakama, alikunywa kikombe, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaomba cha pili.

Mara Alfredi na Gidabuday wakafika, Alfredi akiwa na kibuyu kingine cha asali. Alikikabidhi mlangoni, akachuchumaa nje kama kawaida ya watu wake. Sada alimfuata.

"Baba Perpetua, karibu ndani."

"Hapa panatosha, mama."

"Mimi kwako nilikaa na ndama. Wewe kwangu utashindwa kukaa na karani?"

Benchini wote walijibana. Joakimu akasogea, akapapasa nafasi iliyobaki. Alfredi aliinama mlangoni, akaingia, akakaa. Gidabuday alikataa benchi, akasimama katikati ya chumba na kikombe chake. Alionja, akasema kupitia kwa Alfredi kwamba ni kitu kibaya sana, kisha akanyoosha kikombe aongezewe.

Lori lilifika siku ya ishirini na sita. Mji mzima ulitoka kulipokea, na sukari ikarudi madukani. Lakini Wairaqw waliomfuata Alfredi kuingia hotelini kwa Sada hawakurudi ukutani, naye akachongesha benchi la tatu. Alijifunza Kiiraqw, kibovu mwanzoni, hata wanawake sokoni wakamwomba aseme tena ili wacheke. Mwaka uliofuata alinunua mtamba, akamwacha kwa Kornelia kama rafiki amwekeavyo rafiki: maziwa yawe ya akina Kornelia, ndama wawe wake. Kila baada ya wiki mbili alipanda kumwona ng'ombe wake, na mara nyingi akasahau kumwangalia kwa ajili ya mazungumzo.

Perpetua, binti wa Kornelia, alipoposwa, ni Yahaya aliyeombwa kushona nguo za harusi. Alisema cherehani yake haipandi vilima. Wakaipandisha kwa punda. Alikwenda kwa siku moja, akakaa nne, akishonea nusu ya kilima, na aliporudi alimwambia mke wake kwamba viazi vya kule juu ni vitamu kuliko vya mjini, na kwamba safari ijayo angependa kwenda mapema zaidi.