Soma Simu Kabla Hujaiandika

Nakumbuka siku niliyobonyeza kwanza nikafikiri baadaye. Cheka tu, mwanangu, hata mimi hujicheka. Nilikuwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne, kompyuta moja kuukuu isiyo na betri, na maringo ya kuwatosha mafundi watatu. Kutembea sipendi tangu zamani, kwa hiyo duka langu la kutengeneza simu lilikuwa dirisha la chumba cha mbele, hapahapa Nyakisasa, ili niweze kuchungulia maharage jikoni.

Akaja Mama Evelina, mjane wa huku juu, na simu ndogo ya vitufe. Ukiiwasha inaonyesha nembo, halafu inakwama hapohapo.

"Itapona, mwanangu?"

"Hii, mama? Kabla hujakaa vizuri kwenye benchi."

Sikumuuliza ndani mna nini. Nilichomeka waya, nikachagua programu mpya ya simu, nikabonyeza kuandika, ndivyo sisi mafundi tunavyoita kuipakia simu programu upya. Ndipo akasema, taratibu, kwamba humo mna sauti ya marehemu mumewe. Alijirekodi akiwa kitandani, alipojua hataifikia harusi ya binti yao. Kwao, neno la mwisho kabla bibi harusi hajatoka uani ni la baba. Na Evelina alikuwa anaondoka Jumamosi.

Mwanangu, programu mpya hukaa juu ya vilivyokuwamo, na kilichofunikwa hakirudi. Niliganda. Nichomoe? Niache? Nikiwa bado nimetoa macho, umeme ukakatika, umeme uleule niliokuwa nautukana kila siku, kompyuta ikazimika. Usije ukasema niliokoa kitu kwa ujanja wangu.

Niliibeba ile simu hadi Ngara mjini kwa Mzee Stanslaus, fundi aliyenifundisha kazi. Nikamsimulia. Shikamoo yangu hakuiitikia kwanza.

"Uliisoma kabla ya kuiandika?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi marahaba. Kaa, uone."

Aliivuta kumbukumbu yote ya simu ikawa faili moja kwenye kompyuta; huko ndiko kuisoma simu. Akalitolea nakala, na lile la kwanza akaliweka kando asiliguse tena. Ndani ya nakala akatafuta pale programu inapoishia na vitu vya mwenye simu vinapoanzia. Sehemu hiyo akaitenga, akaifungua kwenye kompyuta kama mtu aliyechomeka flashi. Yakajitokeza mafolda! Programu yangu ilikuwa imekula mwanzo tu. Kwenye folda la sauti mlikuwa na faili moja, jina lake tarakimu tupu. Akalibonyeza. Mtu akakohoa, ndama akalia kwa mbali, kisha: "Evelina, mwanangu..."

Mzee akazima haraka. "Yaliyobaki si yetu."

Jumamosi spika iliwekwa uani. Evelina alisimama na shela lake, kiganja mdomoni, akimsikiliza baba yake mpaka mwisho. Sauti iliposema, "Haya, nenda," akaenda. Hakuna aliyethubutu kupiga kigelegele mpaka alipofika barabarani.

Basi wewe unayejifunza kazi hii, kabla ya kuandika, soma. Na kabla hata ya kusoma, muulize mwenye simu ni kitu gani anaogopa kukipoteza, maana wengi hawasemi mpaka wachelewe. Jaribu ujuzi wako kwenye nakala, usijaribu kwenye simu ya mtu. Ukishafungua ya mwenzio, chukua ulichotumwa, ufunge. Ukikosea, mkimbilie aliyekuzidi siku hiyohiyo. Aibu yake huisha, mimi shahidi. Mungu akupe mikono mitulivu na wateja wasiokuwa na haraka.

Nami nilikuwapo pale uani, nikilia mpaka leso haikufaa tena. Jirani yangu Mama Nestori akaniinamia sikioni:

"Wewe, nusura umzike yule marehemu mara ya pili, na sasa unalia kutushinda!"